Hela ya korosho za mkeo si yako, mwanangu

"Shangazi, shikamoo. Mke wangu na kaka yake walirithi mikorosho ya marehemu baba yao huku Tandahimba. Msimu huu malipo ya mnada yameingia kwenye akaunti yake, na amekataa kunipa kadi ya benki wala namba ya siri. Salfa, ile dawa ya mikorosho, nimepuliza mimi! Hata ada ya watoto kalipa bila kunishirikisha. Dini si inasema mke na mali yake wako chini ya mume? Baba Wawili."

Marahaba. Pole kwa kunyimwa kadi. Pole yenyewe ndiyo hiyo, haina nyongeza.

"Msimu huu," unasema. Msimu uliopita kadi alishika nani? Maana mwanamke hakimbilii kulipa ada kimyakimya ila aliyewahi kuona hela ya ada inageuka spika na pikipiki. Nawajua wanaume wa korosho: mnada ukilipa tu, mtu anakumbuka kwamba dini inaruhusu wake wanne, na ikifika masika anakumbuka kwamba mke mkubwa ana akiba. Labda nakusingizia. Lakini hela zako mwenyewe hukuzitaja hata kwa neno moja.

Haya, dini umeileta wewe. Urithi ulipogawiwa, shemeji yako alichukua mafungu mawili, mkeo moja. Ndiyo Suratun Nisaa, aya ya 11. Muulize sheikh wako kwa nini, atakwambia mwanamume ana mzigo wa kulisha mke na watoto, mwanamke hana. Hata ile aya ya 34 mnayoipenda, ya wanaume kuwa wasimamizi, endelea nayo kidogo utakuta inataja mali wanazotoa. Sasa mkeo karidhika na fungu moja kwa kuwa yupo mume wa kumlisha, na mume huyo ndiye wewe, kisha na hilo moja unalitolea macho? Kichwa gani cha nyumba hicho kinacholishwa na shingo?

Serikali nayo haikusaidii. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamwachia mke mali yake amiliki na auze mwenyewe. Kuolewa hakuihamishii kwako.

Salfa sikukatalii. Kupuliza ile mashine mgongoni, vumbi machoni tangu alfajiri, ni kazi ya watu. Basi dai ujira kama anavyodai kibarua mwingine, mpatane kabla msimu ujao haujaanza.

Zaidi ya hapo utapewa kwa hisani. Zainab, mke wa sahaba Abdullah bin Mas'ud, alikuwa na chake na mumewe hali yake duni. Alipouliza kama anaweza kumpa mumewe, Mtume (s.a.w.) alisema atapata malipo mawili, ya udugu na ya sadaka. Umesikia? Sadaka. Nayo haidaiwi kwa ukali, wala haiombewi namba ya siri.

Kwa hiyo mwombe mkeo kwa adabu. Akikataa, ni haki yake, na unga wa nyumbani bado unadaiwa wewe.