Gari dogo la kuvuta mbele kwenye theluji: usiliuze, nunua tairi

Mkuu, umeuliza kama gari dogo lenye injini ndogo, linalovuta kwa magurudumu ya mbele, litakufikisha kazini msimu wa theluji, maana kila unayemgusa anakwambia uliuze utafute la kuvuta magurudumu yote manne. Usiliuze. Nimeendesha gari la aina hiyo hiyo, gia za mkono, kwa misimu sita ya baridi, na siku zilizonishinda kabisa kutoka nyumbani hazizidi vidole vya mkono mmoja. Ila yapo mambo ambayo usipoyaelewa mapema, barabara itakufundisha yenyewe, na haina huruma.

Anza na kwa nini linavuta vizuri. Injini na giaboksi vimekaa juu ya magurudumu yale yale yanayovuta, na kwa magari mengi ya namna hii kama asilimia 60 ya uzito wote iko mbele. Uzito huo ndio unaozikandamiza tairi kwenye theluji. Halafu tairi zake ni nyembamba, na kwenye theluji laini hilo ni jambo jema: tairi nyembamba inaikata theluji mpaka inafika penye ugumu, wakati pana inataka kuelea juu yake.

Lakini kuondoka si tatizo. Tatizo ni kusimama na kukata kona, na hapo idadi ya magurudumu yanayovuta haikusaidii. Gari la kuvuta yote manne litakuacha kwenye taa, sawa. Mkifika kwenye barafu na kuna mtu anavuka mbele yenu, nyote wawili mnategemea tairi tu, na lile zito lina nguvu nyingi zaidi ya mwendo ya kuivunja. Watu wanachanganya hapa: gari likiondoka kwa raha wanaamini barabara haitelezi.

Kwa hiyo hela uliyotaka kuongeza ili ubadilishe gari, iweke kwenye tairi za msimu wa baridi. Raba yake inabaki laini hata baridi ikishuka chini ya nyuzijoto 7, wakati ya tairi za kiangazi inaanza kukakamaa. Angalia ubavuni kama kuna alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Herufi M+S (tope na theluji) peke yake zisikuridhishe, kwa sababu mtengenezaji anaweza kuziandika bila tairi kupimwa kwenye theluji. Sheria za nchi nyingi zinakuruhusu kutembea na tairi hadi meno yabaki na kina cha milimita 1.6, ila kwenye theluji mimi nikifika 4 natoa.

Na nunua nne. Nasisitiza nne. Msimu wangu wa kwanza nilinunua mbili. Fundi alinishauri hivyo, nami nikaona ina maana: gari linavuta mbele, basi mpya ziende mbele. Nyuma zikabaki za zamani zilizolika. Wiki ya pili naingia kona ya kushoto inayoshuka, mwendo kama 50, nikaona kona imebana kuliko nilivyodhani, nikaachia mafuta ghafla. Mbele ilishika vizuri kabisa. Nyuma haikushika kitu. Nilihisi kiti kinanisukuma upande kabla macho hayajaona lolote, kisha vigingi vya pembeni vikaanza kupita mbele ya kioo kutoka kushoto kwenda kulia, kimoja kimoja, kimya kabisa. Nilipokuja kusimama nilikuwa naangalia nilikotoka, bampa la nyuma limezama kwenye lundo la theluji. Hakukuwa na gari linalokuja. Lingekuwepo, sijui kama leo ningekuwa nakuandikia.

Kilichotokea ni hiki. Ukiachia mafuta ghafla, uzito unakimbilia mbele na nyuma inabaki nyepesi. Hapo hapo injini inazipunguza mwendo tairi za mbele peke yake, kwa hiyo nyuma inataka kuipita mbele. Kama tairi za nyuma ndizo mbovu, itaipita. Ndiyo maana hata kwenye gari la kuvuta mbele, tairi zenye meno mazuri zaidi zinakaa nyuma. Ikikutokea, usiguse breki. Tazama unakotaka kwenda, geuza usukani kule nyuma inakoserereka, na kanyaga mafuta kidogo sana ili mbele ivute gari linyooke. Kukanyaga mafuta wakati gari linazunguka ni jambo ambalo mwili unalikataa, kwa hiyo inabidi ulizoee kabla hujalihitaji.

Mara nyingi lakini utakutana na kinyume chake: unakata usukani na gari linaendelea mbele kana kwamba hujakata. Dalili yake iko mikononi. Usukani unakuwa mwepesi ghafla, kama umekatika. Kila mtu hapo anaongeza kukata, na ndilo kosa, kwa sababu tairi iliyogeuzwa sana inasukuma theluji kama jembe badala ya kushika. Legeza mguu taratibu, rudisha usukani kidogo, subiri. Ukisikia usukani umerudi kuwa mzito, tairi imeshika, kata tena polepole. Ni sekunde moja au mbili, ingawa ukiwa ndani utaziona ndefu.

Sababu ni kwamba kwenye gari letu tairi za mbele zinabeba karibu kila kitu: zinavuta, zinakata kona, na zinafanya sehemu kubwa ya breki. Ukizidai kazi mbili kwa mpigo juu ya barafu, zinaacha zote. Funga breki gari likiwa limenyooka, achia, ndipo ukate kona, na mafuta yaje mwishoni ukishaanza kunyooka. Nilipoacha kushika breki ndani ya kona, gari lilikuwa kama jingine. Na kama lina ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukishika breki, ukikanyaga kwa nguvu pedeli itatetemeka na kutoa mlio wa kukwaruza. Usiogope ukaachia, ndiyo kazi yake. Endelea kukandamiza huku ukielekeza usukani.

Milima. Hapa ndipo gari la kuvuta mbele linapoonyesha udhaifu wake, kwa sababu likipanda, uzito unarudi nyuma na magurudumu yanayovuta yanabaki mepesi. Pata mwendo kabla ya mlima, gia ya pili, usisimame katikati, na mwachie aliyeko mbele amalize kupanda kwanza. Tairi zikianza kuzunguka bure punguza mafuta, maana zikizunguka zinaing'arisha theluji na kuifanya barafu. Kuna kilima kimoja kifupi kilinikatalia mara tatu asubuhi moja. Nikashuka hadi chini, nikageuza gari, nikapanda kinyumenyume kwa gia ya rivasi, polepole, shingo imegeuka. Kikapandika. Ukirudi nyuma, magurudumu yanayovuta ndiyo yanakuwa upande wa chini, na uzito wote unayalalia. Fanya hivyo tu pale ambapo hakuna gari linalopita.

Ukikwama kwenye theluji laini, zima ile mifumo ya kuzuia magurudumu yasizunguke, kwa sababu inakata nguvu ya injini wakati unaihitaji. Peleka mbele kidogo, rudisha nyuma kidogo, mpaka lijitengenezee njia. Kabla ya hapo shuka uangalie bomba la moshi halijafukiwa. Moshi ukikosa pa kutokea unaingia ndani, na gesi ya kaboni monoksidi iliyomo haina harufu ya kukuonya kwamba inakuua.

Mpaka wa gari hili ni tumbo lake. Chini yake pana nafasi ya sentimita 14 hivi, na theluji ikizidi hapo gari linaikalia, magurudumu yananing'inia, na hapo tairi nzuri hazina la kufanya. Siku hizo gari lililonyanyuka linakushinda kwa haki. Mimi nilikuwa nasubiri greda lipite.

Usiogope zile siku za nyuzi 20 chini ya sifuri peke yake. Barafu inayoteleza vibaya zaidi ni ya karibu na sifuri, yenye utando wa maji juu yake. Madaraja yanaganda kabla ya barabara kwa kuwa hewa ya baridi inayapiga juu na chini. Upepo wa tairi nao unashuka baridi ikizidi, kama psi 1 (kipimo cha upepo wa tairi) kwa kila nyuzi 6, kwa hiyo pima mara kwa mara. Usiku liache kwenye gia badala ya breki ya mkono, waya wake ukiwa na unyevu unaweza kuganda.

Uliuliza pia kuhusu kuweka mifuko ya mchanga kwenye buti. Hiyo ni dawa ya magari yanayovuta nyuma. Kwetu inanyanyua mbele, yaani inaondoa uzito pale pale tunapoutaka. Beba mfuko mmoja mdogo wa kumwaga mbele ya tairi ukikwama, pamoja na koleo. Minyororo, kama njia yako inaidai, inafungwa mbele.

Theluji ya kwanza ikianguka, tafuta uwanja wa maegesho mtupu usio na nguzo. Nenda mwendo wa 20, kata usukani kupita kiasi mpaka uhisi umekuwa mwepesi, urudishe, uhisi unavyoshika. Kanyaga breki yote uhisi pedeli inavyotetemeka. Rudia kwa saa nzima, halafu asubuhi inayofuata nenda nalo kazini, dakika ishirini kabla ya muda wako wa kawaida.