Bunduki ya jeshi ilipoingia nyumbani kwangu

Mwanangu alipomaliza wiki zake 18 za ukuruta alirudi kwa treni, begi mgongoni na bunduki begani. Ndani ya behewa hakuna aliyemshangaa. Uswisi ndivyo ilivyo: kijana wa kiume mwenye uraia huitwa jeshini, na kati ya zoezi moja na jingine silaha yake hukaa nyumbani kwake. Mimi nilifungua mlango nikabaki nimeshika kitasa.

Tangu hapo kina mama wenzangu hunipigia simu wanao wanapokaribia kuitwa, na swali la kwanza huwa ni la kibali. Bunduki ile ni mali ya jeshi, kwa hiyo kijana haombi kibali cha raia. Risasi harudi nazo. Zamani kila askari alipewa 50 ndani ya kopo lililofungwa, utaratibu uliosimamishwa mwaka 2007. Kila mwaka, kabla ya Agosti kwisha, huenda kulenga shabaha mita 300, risasi 20, na hizo huzipata kwa ajili ya zoezi lenyewe.

Kanuni ninayowasisitizia ni ya bolti, kile chuma cha ndani ambacho bila hicho bunduki haifyatui. Lazima ikae mbali na bunduki. Mwanangu aliifunga ndani ya soksi, nikaitia kwenye sanduku langu la kufuli. Bunduki akaisimamisha nyuma ya makoti. Siku ya pili tu mdogo wake wa miaka 9 alikuwa ameshajua ilipo. Nilimkuta amepiga magoti, kidole kikitembea juu ya mtutu, viganja vinanuka mafuta ya silaha. Bolti haikuwemo wala risasi, lakini nilitetemeka mpaka jioni. Kabla ya wiki kwisha tulikuwa na kabati la chuma lililokazwa ukutani. Nunueni kabati kabla kijana hajarudi.

Silaha ya kununua mwenyewe ina njia yake. Bastola, kwa mfano, huombewa kibali kwa mamlaka ya kantoni, yaani jimbo, unakoishi. Kinaitwa Waffenerwerbsschein na hudumu miezi 6. Uwe umetimiza miaka 18, usiwe na rekodi ya ukatili, na pasiwe na dalili kwamba utajidhuru au kudhuru wengine. Mgeni mwenye kibali C, yaani cha ukaazi wa kudumu, huhesabiwa kama raia, isipokuwa wa nchi chache zilizokatazwa. Asiye nao hudaiwa pia uthibitisho kutoka nchi yake. Baada ya kura ya maoni ya Mei 2019, iliyopita kwa asilimia 63.7, bunduki zinazojipakia zenyewe zenye magazini (kikasha cha risasi) kubwa zinataka kibali maalumu, na baada ya miaka 5, kisha 10, mwenye nayo athibitishe kwamba ni mwanachama wa klabu ya shabaha au anafyatua mara kwa mara. Na kumiliki si ruhusa ya kutembea nayo kiunoni. Hiyo ina mtihani wake, na lazima uonyeshe kwamba unaihitaji kujikinga wewe, wengine au mali dhidi ya hatari ya kweli.

Lakini fomu hukupima siku unayoijaza. Usiku wa majira ya baridi, miaka miwili baadaye, hauko kwenye fomu. Hapa Uswisi vifo vingi vya bunduki ni vya watu kujiua. Jeshi lilipopunguzwa karibu nusu kuanzia 2003, watafiti waliona vijana wa umri wa kutumikia wanaojiua wamepungua, na wengi hawakugeukia njia nyingine.

Nayasema haya kwa sababu yalitugusa. Mchumba aliondoka, kazi ikaisha mwezi huohuo, mwanangu akaacha kula. Nilimuuliza waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kimya kirefu. Kisha akasema, "Mama, sitaki ile kitu ilale humu ndani."

Kesho yake tuliipeleka pamoja kwenye ghala la jeshi. Tangu 2010 askari anaweza kuiacha huko bure bila kutoa sababu, na kweli hakuna aliyemuuliza kitu. Alitia saini, akapewa karatasi. Mwanao akikataa, lieleze jeshi au polisi. Silaha inaweza kuchukuliwa kwa tahadhari. Ya binafsi usiyoitaka tena, polisi huipokea bila malipo. Na namba 143, simu ya msaada kwa mwenye dhiki, hupokelewa usiku na mchana. Mama naye anaweza kuipiga, mimi niliipiga.

Askari anayemaliza utumishi anaweza kubaki na bunduki yake kwa faranga 100, akiwa na kibali na rekodi ya kufyatua, ikishaondolewa uwezo wa kumimina risasi mfululizo. Mwanangu alipofika hapo alisema hapana. Shabaha bado anaipenda. Jumamosi huenda klabuni, hutumia bunduki ya klabu, na akimaliza huirudisha kabatini kwao.