Nilibofya "Nakubali": je, nimejifunga?

SWALI: Nimenunua simu kwenye duka la mtandaoni kwa Sh 380,000. Tangu ifike inajizima yenyewe. Nilipodai hela yangu, nikajibiwa kwamba kwenye vigezo na masharti nilikubali mgogoro wowote uende kwa msuluhishi Dar es Salaam, na dai lifunguliwe ndani ya siku 30. Ndiyo basi tena? – Msomaji, Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Bado. Masharti hayo hayana uzito sawa. Zile siku 30 zisikunyime usingizi: kifungu cha 28 cha Sheria ya Mikataba (Sura ya 345) kinabatilisha makubaliano yanayomfupishia mtu muda wa kudai haki yake mahakamani.

La usuluhishi, yaani mtu wa kati kuamua mgogoro badala ya mahakama, ndilo gumu, kwa kuwa kifungu hichohicho kinaliruhusu. Hata hivyo, halizuii shauri lenyewe kufunguliwa. Chini ya Sheria ya Usuluhishi ya 2020, mwenye duka ndiye anayepaswa kuomba lisimamishwe, tena kabla hajajibu madai yako. Akishajibu, amechelewa. Naye atapiga hesabu: msuluhishi hulipwa, na malipo yake yanaweza kuizidi bei ya simu. Ndiyo maana wengi hutishia tu.

Piga picha ya masharti leo, tarehe ionekane. Hubadilishwa kimyakimya, na yanayokuhusu ni yale ya siku uliyonunua. Tunza ujumbe wa muamala, video ya simu ikijizima na mazungumzo yote. Kisha tafuta jina la kampuni kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni na biashara. Hapa ndipo wengi hukwama: jina la ukurasa wa Instagram mara nyingi si la mtu wala kampuni, na shauri dhidi yake hutupwa kabla halijasikilizwa. Mwandikie barua ya madai, umpe siku 14. Akinyamaza, peleka malalamiko Tume ya Ushindani (FCC), au nenda Mahakama ya Mwanzo, ambayo husikiliza madai ya mikataba yasiyozidi Sh milioni 30.

SWALI: Na kama kampuni iko Marekani?

JIBU: Kama haina ofisi wala mali hapa nchini, hata ukishinda utakamata nini? Uliyelipa kwa kadi, wahi benki uupinge muamala; utaratibu huo hauendi kwa msuluhishi wao. Kwa huduma unazojisajili sasa, soma kipengele cha usuluhishi: baadhi ya kampuni za huko hukupa siku 30 za kujitoa kwa maandishi, bila kufungiwa akaunti.