Mgongo wa msimu wa korosho: Pilates au yoga?

Naona watu wamelala kwenye mikeka wananyoosha miguu. Huyu anasema yoga, yule anasema Pilates. Si kitu kimoja? (Msomaji, Shangani, Mtwara)

Si kimoja. Yoga imetoka India na ina umri wa maelfu ya miaka. Mikao ya mwili ni sehemu yake moja tu, nyingine ni pumzi na kutafakari. Pilates ni jina la mtu: Joseph Pilates, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1883, akazuiliwa kambini Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kisha akafungua ukumbi wake New York miaka ya 1920.

Ukitaka kuyatofautisha, tazama mwendo. Kwenye yoga mtu huingia kwenye mkao akatulia, tuseme pumzi tano. Kwenye Pilates kiwiliwili ndicho kinachotulia, huku mguu au mkono ukienda na kurudi kwa hesabu. Pumzi ya yoga mara nyingi huingia na kutoka puani. Ya Pilates huingia puani, ikatoka mdomoni pale unapotumia nguvu.

Shikamooni. Msimu wa korosho nainama kutwa nzima kuokota, jioni kiuno hakinyooki. Nifanye lipi? (Binti, Tandahimba)

Marahaba, binti. Anza na Pilates. Mgongo wako umeshavutwa kwa saa nyingi shambani. Anayerudi nyumbani akainama tena kugusa vidole vya miguu, eti ananyoosha kiuno, anazidisha mvuto uleule, na hapa ndipo wengi wanapojiumiza. Unachohitaji kwanza ni nguvu ya tumbo na makalio.

Zoezi la daraja: lala chali, kunja magoti, nyayo chini, visigino shibiri moja kutoka makalio. Vuta pumzi. Ukiitoa, kaza tumbo la chini kama anayezuia mkojo, kisha nyanyua makalio polepole mpaka mabega, nyonga na magoti vikae mstari mmoja. Shuka taratibu, pingili baada ya pingili. Mara 8, pumzika, rudia. Msuli wa nyuma ya paja ukikubana, visigino viko mbali, visogeze. Kiuno kikibana, umepanda mno.

La pili: ukiwa bado chali, inua miguu, magoti yawe juu ya nyonga. Shusha ncha ya mguu mmoja iguse sakafu, irudishe, kisha mwingine, mara 6 kila upande. Weka kiganja chini ya kiuno: mgongo ukiachana na kiganja, tumbo limelegea. Ikiwa hivyo, usiushushe mguu mpaka chini kwanza.

Baada ya hapo yoga inakufaa sana. Lala kifudifudi, egemea viwiko, inua kifua, tulia dakika moja. Mkao huo ni kinyume kabisa cha kuinama. Ila maumivu yakishuka mguuni kupita goti, au mguu ukifa ganzi, nenda hospitali, usingoje msimu uishe. Mkojo ukikushinda kuuzuia, au ukipata ganzi katikati ya mapaja, nenda siku hiyohiyo.

Mkeka wa ukili unafaa? (Lindi Mjini)

Kwa Pilates ya kulala unafaa, ukitandika blanketi juu yake, maana pingili za mgongo husugua sakafu. Kwa yoga ya kusimama, hapana: ukili juu ya vigae huteleza, na jasho la Desemba linazidisha. Heri usimame peku kwenye saruji tupu iliyo kavu. Ukinunua mkeka wa mpira, unene wa milimita 4 hadi 6 unatosha yoga. Pilates inataka 10 au zaidi. Mchanga laini wa pwani tunaukataa kwa mikao ya kuegemea mikono, kwani viganja huzama na vifundo huumia.

Mimi Mwislamu. Naambiwa yoga ni ibada. (Kilwa)

Asili yake imo katika dini na falsafa za India, hilo halifichiki. Baadhi ya walimu huanza kwa kuimba matamshi ya kidini, wengine hubakiza mikao na pumzi tu. Uliza kabla ya kujiunga. Hukumu ya dini ni ya shehe wako, si yetu. Moyo ukisita, fanya Pilates. Haina ibada ndani yake.

Lipi linaondoa kitambi haraka? (Bodaboda, Masasi)

Hakuna, kaka. Zoezi la tumbo hukaza misuli, halichagui mafuta ya kuyeyusha. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kuimarisha misuli angalau siku mbili. Pilates ihesabu kwenye hizo siku mbili. Zilizobaki paki pikipiki, tembea kwa haraka nusu saa, siku tano.

Nina ujauzito wa miezi mitano. Niendelee? (Nachingwea)

Hongera, mama. Mwambie kwanza nesi wa kliniki. Akiridhia, endelea, lakini usilale chali kwa muda mrefu: uzito wa tumbo hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, ukapata kizunguzungu. Kifudifudi pia acha. Piga magoti, viganja chini, kunja mgongo juu ukitoa pumzi, urudishe ulale sawa ukivuta, mara 8. Au lala ubavu wa kushoto, inua mguu wa juu mara 10, kisha geuka. Usibane pumzi. Damu au maji yakitoka, au tumbo likianza kukaza kwa vipindi, acha hapohapo uende kituo cha afya.