Gemu la maharamia kwa simu ya kawaida: angalia kwanza kama lina upepo

Mkuu, umeomba gemu la meli za maharamia na kutafuta hazina, la kucheza kwenye foleni ya kivuko pale Magogoni, Dar, kwa simu ya RAM GB 2 na bando la kuungaunga, na ambalo mdogo wako wa darasa la sita naye atalicheza. Wachangiaji wa juu wameshakutajia majina mengi. Mimi magemu haya nimeyacheza miaka mingi, na kabla ya jina ningekwambia uangalie kitu kimoja: humo ndani upepo una kazi yoyote?

Kuna yale ambayo bahari ni pambo tu. Unazungusha gurudumu, sarafu zinamwagika, unajenga kisiwa, unavamia cha mwenzako. Pirate Kings la 2014 ni la mtindo huo. Kwa kupoteza dakika tano ukiwa umesimama ndani ya basi la mwendokasi yanafaa. Lakini mizunguko ikiisha unasubiri au unanunua, na hujaendesha meli hata kidogo.

Kuna yale ambayo unashika usukani mwenyewe, na hapo ndipo raha ilipo. Baba yao ni Sid Meier's Pirates!, lililotoka kwenye kompyuta mwaka 1987 na kutengenezwa upya 2004. Kule Karibi, ambako gemu hilo linachezewa, upepo unatoka mashariki karibu mwaka mzima, kwa hiyo kwenda magharibi ni mteremko, kurudi mashariki unasota. Sisi wa pwani tuna bahati, maana huku kaskazi inavuma kuanzia Desemba hivi hadi Machi, kisha kusi inachukua zamu, na majahazi yamepanga safari kwa pepo hizo karne na karne.

Siku upepo ukiwa mzuri, weka simu mfukoni ukiwa juu ya kivuko utazame vyombo vya tanga vinavyoingia Feri. Nahodha hauendei upepo uso kwa uso. Anabisha: anakata mshazari, kisha foromali, yaani mti unaobeba tanga, inahamishiwa upande wa pili wa mlingoti, tanga linajaa tena, anakata mshazari mwingine. Fanya hivyohivyo kwenye kioo cha simu. Wanaolalamika kwamba meli yao haiendi, mara nyingi wameielekeza omo, yaani mbele yake, kwenye upepo na kuiacha hapo.

Kwa simu ningekupa The Pirate: Caribbean Hunt la Home Net Games. Kulipakua ni bure, na safari ya mchezaji mmoja inachezeka bila intaneti, ambalo kwako ndilo jambo kubwa. Simu ikipata moto, punguza mwanga wa kioo na funga programu nyingine.

Vita sasa. Mizinga imepangwa mbavuni, hivyo zunguka ukae upande wa tezi ya adui, yaani nyuma ya meli yake, ambako mara nyingi hana cha kukujibu, kisha geuza ubavu wako umpige. Gemu likikupa aina za risasi, zitumie kwa mpango: za minyororo zinakata matanga na milingoti, zile ndogondogo zinapunguza mabaharia, na tufe zito linatoboa meli. Wageni wanapenda tufe zito kwa sababu lina kishindo. Meli ikizama shehena imekwenda nayo! Kata matanga kwanza, punguza watu, ndipo uipande.

Na usikae baharini muda mrefu bila kugawa mapato. Kwenye lile la Sid Meier mabaharia wananuna na kuanza kukukimbia, na ndivyo maharamia wa kweli walivyoishi, kwa mafungu waliyokubaliana mapema.

Kinachoniuma ni kwamba karibu magemu yote yanatupeleka Karibi, wakati Bahari ya Hindi ilijaa habari hizi. Kapteni Kidd aliiteka meli ya Quedagh Merchant huku mwaka 1698 akaenda nayo hadi kisiwa cha Sainte-Marie, Madagaska, kilichokuwa maskani ya maharamia. Haramia Mfaransa Olivier Levasseur alinyongwa kisiwani Réunion mwaka 1730, na mpaka leo wapo wanaotafuta hazina inayosemwa ni yake. Vijana wetu wanaotengeneza magemu hapa Dar, ramani ya Kilwa, Komoro na Sainte-Marie yenye kaskazi na kusi inawasubiri. Mimi nitalipia siku ya kwanza.

Mkuu, pakua ukiwa kwenye Wi-Fi, lifungue mara moja lijipange, kisha zima data na ulifungue tena hapohapo nyumbani uone kama linakubali. Na kwa kuwa dogo atalishika, weka nywila ya manunuzi kwenye Play Store kabla hujampa simu.