Unataka kuingia kwenye kazi za Wakelti? Anza na fito

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Morogoro aliniandikia. Amemaliza shahada ya akiolojia, Wakelti, watu walioishi Ulaya miaka zaidi ya 2,000 iliyopita, wamemteka moyo, na anauliza aombe chuo gani Ulaya ili siku moja naye asimame ndani ya nyumba ya Zama za Chuma akiwafundisha watu wa huku Wales, magharibi mwa Uingereza, kama alivyoniona kwenye picha. "Shikamoo dada, nianzie wapi?"

Marahaba mdogo wangu. Najua mko wengi mnaolitaka jambo hilihili, basi nawajibu wote kwa pamoja: anzeni na fito. Chuo kitafuata.

Wakelti hawakutuachia vitabu vyao. Habari nyingi za kale tulizo nazo juu yao ziliandikwa na Wagiriki na Warumi, akiwemo Julius Caesar, aliyekuwa akipigana nao. Anayetaka kuwajua kwa haki inabidi ausome udongo. Na udongo una maneno machache. Huku Wales walikoishi kwenye misonge ya mbao, mbao zimeoza kitambo. Unachokikuta ukichimba ni mashimo ya nguzo, duara la madoa meusi ardhini, basi. Ukuta, mlango, paa, mahali alipolala mwenye nyumba, vyote vitafutwe kwenye madoa hayo.

Ndiyo maana wapo wanaoamua kuijenga nyumba upya waone itawafundisha nini. Peter Reynolds alianza hivyo Butser, kusini mwa Uingereza, mwaka 1972. Huku Wales ipo Castell Henllys, ambako misonge imesimamishwa palepale ilipokuwa ile ya zamani. Kujenga huko ndiko kulikoonyesha kwamba paa la nyasi halihitaji tundu la moshi. Moshi unapenya wenyewe kwenye nyasi; ukitoboa tundu juu, hewa inavuta cheche na nyumba inashika moto. Mtu aliyekulia kwenye jiko la nyumba ya nyasi hawezi kulishangaa jambo hilo. Shikeni hapo, maana ndipo ushauri wangu wote ulipo.

Nilipofika huku nilipata nafasi kwenye uchimbaji mmoja, sitautaja. Mkuu wa eneo aliniuliza mbele ya wenzangu kwa nini nisikasome historia ya kwetu. Kisha nikapangiwa kuosha vigae vya vyungu, kiangazi chote, wenzangu wakiwa shimoni na miiko yao. Niliviosha vizuri. Lakini inaniuma mpaka leo, na sioni sababu ya kuficha.

Baadaye nikajiunga na watu wa kujitolea waliokuwa wakijenga msonge. Ukuta wake una vigingi kuzunguka duara, na katikati ya vigingi unasuka fito za mti wa heizeli, moja inapita nje, inayofuata ndani. Kwetu Korogwe tunafunga fito kwa kamba pande zote mbili za nguzo, udongo unajazwa katikati. Kazi ngumu ya huku iko mlangoni, ufito unapotakiwa kukizunguka kigingi cha mwisho na kurudi ulikotoka. Ukiukunja tu, unavunjika. Unausokota kwanza, kama unavyokamua shuka lililoloa, mpaka usikie nyuzi za ndani zinaachana. Hapo utapinda bila kukatika. Na uwe mbichi, umekatwa majira ya baridi majani yakishapukutika. Kisiki kinachipua tena, na baada ya miaka 7 au zaidi mnarudi kukata palepale.

Kwenye kukandika ndipo nilipojulikana. Wenzangu walikuwa wanapaka udongo kwa mwiko, taratibu, kama wanapiga lipu. Ukikauka kidogo unaanguka. Nikaomba ruhusa, nikavua viatu, nikaukanyaga udongo upya pamoja na kinyesi cha ng'ombe na majani makavu yaliyokatwakatwa, mpaka ukaacha kuteleza ukaanza kunata mguuni. Nikafinyanga donge, nikamweka mwenzangu upande wa pili wa ukuta na donge lake, tukayarusha kwa nguvu mahali pamoja kwa wakati mmoja. Madonge yakakutana katikati ya fito yakashikana. Msimamizi aliita watu waje watazame. Kipande kile cha ukuta kimestahimili mvua za Wales, nami mwezi wa nne mwaka huu nimesaini mkataba, wa kulipwa, kufundisha kusuka na kukandika. Nimeufurahia kuliko cheti changu cha chuo.

Kwa hiyo anayekuambia historia hii si yako, usimsikilize. Johann Georg Ramsauer, aliyefukua makaburi 980 ya Zama za Chuma kule Hallstatt nchini Austria kati ya 1846 na 1863, alikuwa msimamizi wa mgodi wa chumvi, wala si profesa. Kwenye kisiwa cha Anglesey, vita vikiendelea, mwaka 1942, vifaa vya Wakelti vya chuma na shaba vya ziwa dogo la Llyn Cerrig Bach viliibuliwa na wafanyakazi waliokuwa wakitengeneza uwanja wa ndege za kijeshi. Walipata mnyororo wakaufunga kwenye trekta kuvutia malori yaliyokwama matopeni, nao ukavuta. Baadaye ikajulikana una miaka zaidi ya 2,000. Una pete tano za shingo, za kufungia mateka. Mtu wa upande wetu, tuliopitiwa na misafara ya watumwa ikishuka kwenda Pangani, haambiwi pete ile ni ya nini. Niambieni basi nani ana haki kuliko mwenzake ya kuueleza.

Mikono yenu inajua vitu. Visemeni siku ya kwanza, msingoje kuulizwa. Nendeni kujitolea majira ya baridi, wakati wa kukata fito, ambapo watu ni wachache na msimamizi ana nafasi ya kukutazama ukifanya kazi. Jifunzeni salamu za Kiwelshi, wazee wa hapa wanazipenda. Na mkishajulikana kazi yenu, ulizeni malipo. Kujitolea kuna mwisho wake.

Wewe wa Morogoro, kabla hujalipa ada ya maombi popote, tafuta shangazi au mjomba anayejenga nyumba ya udongo. Kandika naye kuanzia chini mpaka juu. Andika ndoo ngapi za udongo, ngapi za kinyesi, majani kiasi gani, na ufa wa kwanza umetokea wapi. Piga picha kila hatua, mikono yako ikionekana. Picha hizo na vipimo hivyo ndivyo utakavyoambatanisha na barua yako.