Bati, friza na uniti: jibu kwa aliyehamia Bagamoyo

Mleta uzi, umesema umehamia Bagamoyo mwezi wa pili, masika ya pwani huyajui, na sasa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) wametoa tahadhari ya upepo mkali na mvua kubwa. Umeuliza ujiandaeje. Wakuu wengi humu wamekujibu "nunua mishumaa." Mimi mishumaa nilikuwa nayo pakiti nzima, na haikunisaidia lolote la maana.

Usijipe moyo kwamba si kimbunga. Ni kweli tuko karibu na ikweta na vimbunga hutufikia kwa nadra. Hidaya ya Mei 2024 ilienda kutua Mafia, na kile cha Aprili 1872 kilichoipiga Unguja na kuvunja majengo ya misheni hapa Bagamoyo kimebaki kwenye historia. Lakini dhoruba iliyoning'olea bati mimi haikuwa na jina.

Ilikuwa Jumamosi, masika ya mwaka juzi, nyumbani Nianjema. Umeme ulikatika saa nne usiku. Kama nusu saa baadaye nikasikia bati la kona ya jikoni: tak. Kimya. Tak-tak. Fundi aliyeezeka alifanya ubahili wa misumari, na bati lenyewe geji 30, jepesi. Upepo ukiingia chini yake unalipepea kama kanga kwenye kamba. Nilitaka kupanda na nyundo. Bimkubwa akanishika shati, akasema, "Mwanangu, bati linanunuliwa." Tukavuta magodoro tukalala kwenye korido, mbali na madirisha, watoto katikati. Saa saba lile bati likaenda, tukaliokota asubuhi kwa jirani, limejikunja kwenye mnazi. Lingemkuta mtu njiani, sijui. Kwa hiyo leo, kabla hujafanya kingine chochote, mwite fundi aongeze misumari kingoni, na ukusanye vyote vilivyolegea uani: ndoo, viti vya plastiki, vipande vya mbao.

Asubuhi tawi la mwembe lilikuwa limeangusha waya wa umeme kwenye dimbwi, na kijana mmoja anakuja na fimbo mbichi ausogeze ili bodaboda zipite. Tulimpigia kelele mtaa mzima. Waya ukilala chini usiamini kwamba umekufa, na maji yanayouzunguka ni hatari kama wenyewe. Tuliziba njia kwa mabenchi pande zote mbili, mbali kabisa na dimbwi, tukafunga kanga nyekundu, tukatoa taarifa, tukasubiri mafundi.

Sasa maji. Hapa ndipo wageni mnapokwama, kwa sababu pampu ya kisima inakunywa umeme. Jaza simtank na kila ndoo mapema. Kisima chetu baada ya mvua ile kilitoa maji rangi ya chai ya maziwa, na vyoo vya shimo vya mtaa vilikuwa vimefurika. Ya kunywa tulichemsha yakatokota sawasawa. Jiko la mkaa tulipikia barazani. Jirani mmoja aliliingiza chumbani, akafunga dirisha kukwepa mvua. Walimtoa akiwa anatapika, kichwa kinampasuka. Hewa ya sumu ya mkaa haionekani wala hainuki, na jenereta nayo ni vivyo hivyo.

Mama watoto anauza samaki, tuna friza. Siku zote huweka ndani chupa ya maji yaliyoganda, na juu ya barafu sarafu ya shilingi mia. Sarafu ikizama, ujue barafu iliyeyuka hata kama imeganda tena. Friza lililojaa, usipolifungua, hushika ubaridi kama saa 48. Likijaa nusu tu, kama saa 24. Friji ya kawaida hushika kwa muda wa saa nne tu, kwa hiyo maziwa na mchuzi wa Jumamosi tulimwaga Jumapili bila mjadala. Friza tulilifunika blanketi, na mtoto aliyeligusa alikodolewa macho makali na bibi yake.

Jumatatu saa kumi jioni tukafungua. Sarafu ilikuwa imezama hadi nusu ya chupa. Changu na kolekole wa chini walikuwa wagumu kama jiwe, wa juu wamelegea lakini bado wa baridi. Hao tukawakaanga usiku huo huo na kuuza bei ya kutupa. Vibua na vipande vya jodari vilivyokuwa juu kabisa, vimeshaanza kupoteza ubaridi, mama watoto alivifukia. Nilinung'unika, ni hela. Lakini samaki wa aina hiyo akikaa kwenye joto hutengeneza sumu isiyoondoka hata umkaange akauke. Mteja akivimba midomo, biashara ndiyo imekwisha.

Simu: chaji zote mapema, na utafute kitochi. Minara yetu ilizima Jumapili mchana. Redio ya betri ndiyo ilikuwa habari.

Na ukishakatika umeme, zima meini swichi. Ukirudi, hurudi kwa kupiga na kukatika, na TV ya mpangaji wetu ilikufa hivyo hivyo. Mimi nilizima. Jumanne saa tatu asubuhi mtaa ukalipuka, "Umerudiii!" Nikangoja robo saa, nikawasha, friza likaanza kunguruma, nikafungulia na pampu kwa furaha. Haikufika nusu saa, kimya. Nikatoka nje: kwa jirani redio inaimba. Nikaangalia mita ya LUKU, ile ya kulipia umeme kabla: uniti sifuri. Jumamosi mama watoto aliniambia uniti zinaisha, nikamjibu nitanunua kesho. Mtandao ulikuwa bado haujarudi, nikatembea kwenye matope hadi Magomeni ya hapa Bagamoyo kutafuta wakala.